Mtumba, Posho, Kipande: Raia Walioyabeba Majeshi

Asubuhi ya siku ya kazi pale Kawe, konda wa daladala hana haja ya maneno mengi. Anataja jina moja mara tatu au nne kwa pumzi moja: Kariakoo, Kariakoo, Kariakoo. Mama anayefuata khanga za jumla analijua jina hilo, na fundi simu anayekwenda kutafuta vioo analijua, kama wote wanavyolijua jina la mtaa wao. Gari linajaa, linaiacha nyuma mitaa inayozunguka viwanja vya Tanganyika Packers, kilipokuwa kiwanda cha nyama ya kopo, linapita jirani na kambi ya Lugalo na kushika njia ya mjini.

Kambi hiyo imewahi kuwa na majina mawili, yote ya mapigano. Waingereza waliwaweka hapo askari wa King's African Rifles, jeshi ambalo Waswahili walilifupisha kuwa Keya, na wakaiita Colito kwa kumbukumbu ya pigano la Mei 1941 huko Ethiopia, ambako Keya walipambana na Waitaliano. Baada ya uhuru, na baada ya maasi ya Januari 1964 yaliyoanzia humo humo, kambi ikaitwa Lugalo. Hilo ni jina la mahali Uhehe ambapo tarehe 17 Agosti 1891 wapiganaji wa Mkwawa waliisambaratisha safu ya Mjerumani Emil von Zelewski. Vitabu vya historia huwataja Mkwawa na Zelewski, kisha askari wapatao 320 waliokuwa chini ya Mjerumani huyo. Aghalabu huishia hapo. Lakini safu hiyo ilikuwa pia na wapagazi wapatao 170. Hawakuwa na bunduki. Walikuwa na mizigo kichwani.

Mwisho wa safari ya daladala kuna jina la namna nyingine kabisa. Kariakoo si jina la pigano, wala la jemadari au la mti. Ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza katika Vita Kuu ya kwanza, jina lililopita kinywani mwa Waswahili likatoka limevaa sauti yao. Soko kubwa kuliko yote nchini limeitwa kwa jina la watu waliolala kambini, wakala chakula cha jeshi, wakafa kwa vita ya jeshi, na hawakuwa askari.

Siku hizi watu wa kazi hiyo huitwa wafanyakazi wa kandarasi. Wanapika, wanafua, wanaendesha malori, wanalinda mageti kwenye kambi za mataifa makubwa mbali na kwao. Afrika Mashariki imetoa watu hao mara nyingi, na mara mbili imewatoa kwa wingi mno: kati ya 1914 na 1918, na tena tangu 2005. Kati ya vipindi hivyo imepita karibu karne nzima, lakini mambo yaliyojaza siku ya mpagazi wa Rufiji ndiyo yaliyojaza siku ya mlinzi wa Baghdad: mzigo, chakula, mshahara na kitambulisho.

Vita iliyotembea kwa miguu

Tarehe 8 Agosti 1914 manowari ya Kiingereza HMS Astraea iliupiga kwa mizinga mnara wa simu ya upepo wa Dar es Salaam, na vita ya Ulaya ikawa imefika Uzaramo. Novemba mwaka huo Waingereza walishuka Tanga wakashindwa vibaya na jeshi la Mjerumani Paul von Lettow-Vorbeck. Tangu hapo, kwa miaka minne, majeshi mawili yalifukuzana kutoka Kilimanjaro hadi Rufiji, kutoka Rufiji hadi Ruvuma, yakaingia Msumbiji na kurudi, mpaka Lettow-Vorbeck alipoweka silaha chini huko Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918.

Nchi yenyewe ndiyo iliyoamua vita hiyo ipiganwe vipi. Reli zilikuwa mbili: ya Tanga kwenda Moshi na ya Dar es Salaam kwenda Kigoma. Ukitoka kwenye reli, ulikuwa umetoka kwenye magurudumu. Farasi, nyumbu na maksai walioletwa kwa maelfu waliumwa na mbung'o, wakakonda, wakaanguka njiani. Malori machache yaliyokuwepo yalizama kwenye matope ya masika. Ukabaki usafiri ambao misafara ya pembe ilikuwa imeutumia kwa karne nzima, yaani kichwa na bega la mtu.

Mpagazi alibeba takriban ratili 50, kama kilo 23, mbali na blanketi na sufuria yake. Kwa siku alikula karibu kilo moja ya unga. Piga hesabu: aliyebeba unga mtupu angekuwa ameumaliza mzigo wake mwenyewe kabla mwezi haujakwisha, hata kama hakumpa askari kijiko kimoja. Kwa hiyo aliyebeba risasi alihitaji mwenzake wa kumbebea chakula, na huyo naye alihitaji wake. Kila kilomita jeshi lilipojitenga na reli, idadi ya wapagazi iliongezeka kuliko idadi ya kilomita. Ndiyo maana vita ya askari makumi ya maelfu ilikula watu mamia ya maelfu.

Kazi ya kuwakusanya upande wa Waingereza alipewa ofisa wa utawala wa Kenya, Oscar Watkins, aliyekianzisha kikosi hicho Nairobi mwaka 1914. Wa kwanza waliingia kwa hiari. Hiari ilipokwisha ikaja sheria: mwaka 1915 serikali ya Kenya ilipitisha amri iliyoruhusu watu kuchukuliwa kwa nguvu kulitumikia jeshi. Mshahara nao ulishuka. Waliojiunga mwanzoni walikuwa wameahidiwa rupia 10 na zaidi kwa mwezi. Waliokamatwa baadaye walipewa rupia 5, na 6 baada ya miezi mitatu. Mwaka 1917, chini ya ofisa John Ainsworth, machifu walitakiwa kutoa watu kwa mkupuo, na katika miezi michache zaidi ya 100,000 walitolewa Kenya peke yake. Kwa jumla, pande zote ambazo Uingereza ilichukua watu, wapagazi na vibarua wa vita hiyo hukadiriwa kufikia milioni moja.

Watu wa Tanganyika walibebeshwa mara mbili. Kwanza Wajerumani waliwachukua kubeba mizigo ya Lettow-Vorbeck. Kisha kila wilaya ilipoangukia mikononi mwa Waingereza, waliobaki wakachukuliwa na hao wageni wapya. Ugogo, ambako majeshi yote mawili yalichukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kulima, njaa iliyofuata ilipewa jina la Mtunya, na wazee wa Dodoma wameendelea kulitaja kwa kizazi baada ya kizazi.

Wengine waliletwa kwa bahari. Desemba 1916 karibu watu 800 kutoka visiwa vya Shelisheli walishushwa Kilwa wakiwa wapagazi. Walikuwa watu wa visiwa, hawakuizoea malaria ya bara wala kuhara damu kwa kambi za Kilwa. Kabla ya katikati ya mwaka uliofuata zaidi ya 300 walikuwa wamekufa, na waliosalia wakarudishwa kwao.

Siku ya mpagazi

Siku ilianza gizani kwa sauti ya mnyapara. Neno hilo ni la misafara ya Wanyamwezi na Waswahili. Jeshi lililikuta tayari, likalitumia. Mnyapara aliwapanga watu, akagawa mitumba, maana mtumba wakati huo ulikuwa furushi la mpagazi, mzigo wa mtu mmoja uliofungwa ukakazwa. Masanduku ya risasi yalichukiwa kwa kona zake kali. Gunia la unga lilikuwa na nafuu mpaka mvua inyeshe.

Kila mtu alikuwa na namba. Alipoandikishwa, jina lake, la chifu wake na la kijiji chake viliingizwa daftarini, alama za vidole zikachukuliwa, naye akapewa kipande cha chuma chenye namba yake. Watkins aliutetea sana utaratibu huo, kwa kuwa bila namba mshahara wa marehemu usingejulikana apelekewe nani. Lakini vita ilitembea haraka kuliko madaftari. Mtu alihamishwa kundi, kipande kikapotea, jina likaandikwa na karani asiyejua lugha yake, akaugua njiani akaachwa chini ya mti na safu ikaendelea.

Jioni, mizigo ikishatuliwa, kazi ya pili ilianza. Kuni zitafutwe, maji yachotwe, moto uwashwe, huku kila mmoja akisinzia. Chakula kilichogawiwa kiliitwa posho, nalo ni neno la misafara, na mara nyingi kilikuwa unga wa mahindi. Hapa palikuwa na kifo kilichojificha. Mganda alikuwa amelelewa kwa matoke, mtu wa pwani kwa wali, wa bara kwa mtama na uwele. Wengi hawakuwahi kusonga ugali wa mahindi, na unga wenyewe mara nyingi ulikuwa umesagwa vibaya. Kwa kuni mbichi na uchovu wa mwendo wa kutwa, ulilika nusu mbichi. Tumbo likachubuka, kuhara damu kukafuata. Ugonjwa huo, pamoja na malaria na homa ya mapafu, uliua wapagazi wengi kuliko risasi za adui.

Palipokuwa na wapishi maalumu, blanketi na hospitali za wapagazi, vifo vilipungua, na maofisa wa kikosi walilijua hilo na kulipigania. Lakini mwanzoni mwa 1917, majeshi yalipokwama ng'ambo ya Rufiji kwenye mvua kubwa zisizokatika, hakuna utaratibu uliosimama. Barabara zilizama, posho ikakatwa, na waliokuwa wakibeba chakula cha wenzao walitembea na njaa chini ya chakula hicho hicho.

Dar es Salaam ilikuwa imeangukia mikononi mwa Waingereza tarehe 4 Septemba 1916. Ng'ambo ya uwanja wa Mnazi Mmoja, Wajerumani walikuwa wamepima viwanja vya makazi ya Waafrika na kuanza kujenga jengo la soko. Jeshi jipya liliichukua sehemu hiyo kuwa kambi ya wapagazi. Hapo walishushwa waliotoka bara na waliotoka ng'ambo, wakahesabiwa, wakalala, wakaugua, wakapangwa kwenda Kilwa au Lindi. Wenyeji wa mji wakaanza kusema wanakwenda Kariakoo. Nairobi nayo ilibaki na mtaa wa jina hilo hilo, Kariokor.

Kambi ilipovunjwa, maneno yake hayakuondoka. Mtumba umekuwa nguo kuukuu zinazoshuka bandarini kwa marobota. Posho, Tanzania, ni fedha ya kikao; Uganda ni ugali wenyewe. Mnyapara bado yupo kwenye magenge ya kazi na magerezani. Kipande kikawa kitambulisho ambacho Mkenya alilazimishwa kukivaa shingoni tangu mwanzoni mwa miaka ya 1920. Lugha ilihifadhi kila chombo cha mpagazi.

Hesabu iliyofungwa mapema

Vita ilipokwisha, hesabu rasmi ilitaja vifo zaidi ya 40,000 vya wapagazi wa upande wa Uingereza. Wanahistoria waliorudia madaftari na kujaza mapengo yake wanakadiria karibu 100,000. Hao ni wale tu wa upande mmoja.

Kisha likaja swali la makaburi. Tume ya kifalme iliyopewa kazi ya kutunza makaburi ya vita ilikuwa imeweka kanuni kwamba kila aliyekufa atakumbukwa kwa jina lake, bila kujali cheo. Ulaya kanuni hiyo ilitekelezwa kwa safu za mawe meupe. Tanganyika, mwanzoni mwa miaka ya 1920, ofisa wa tume alipopeleka suala hilo kwa Gavana Horace Byatt, jibu alilopata ni kwamba makaburi makubwa ya wapagazi ya Dar es Salaam na kwingineko yaachwe yarudi kuwa pori upesi iwezekanavyo. Gavana hakutaka hata kuzitazama takwimu za Waafrika waliokufa wakibeba mizigo ya vita ile. Pori likaachwa liote, kisha mji ukaota juu yake.

Leo anayetoka Kawe kwenda mjini kwa njia ya Bagamoyo anapita karibu na makaburi ya vita yaliyotunzwa vizuri, nyasi zimekatwa, mawe yamepangwa. Mengi yalihamishiwa hapo mwaka 1968 kutoka pwani ya mji. Halafu, katikati ya jiji, anaikuta Sanamu ya Askari iliyozinduliwa mwaka 1927: mtu wa shaba, bunduki mbele yake, singe imeelekea bandarini. Ndiyo iliyokusudiwa kuwa kumbukumbu ya Waafrika wote wa vita ile hapa Dar es Salaam. Ya Nairobi, iliyowekwa mwaka uliofuata, ina watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi asiye na silaha. Ya Dar es Salaam, mji ambao soko lake limeitwa kwa jina la wapagazi, ina askari peke yake. Zote mbili hazina jina la mtu yeyote aliyebeba.

Mishahara ilibaki kwenye vitabu. Maelfu ya wapagazi walikufa wakiwa wanadai, na jamaa zao hawakujulikana au hawakutafutwa. Maofisa wachache, Watkins akiwa mmojawao, walidai fedha hizo zirudi kwa watu walikotoka, hata kama ni kwa kujenga shule au zahanati. Barua zilikwenda London na kurudi kwa miaka mingi, na katika miaka ya 1930 jibu la mwisho likawa hapana.

Deni la upande wa Wajerumani lilikuwa na mwisho tofauti kidogo. Mwaka 1964, mwaka ambao Lettow-Vorbeck alifariki, bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha malipo kwa askari wake wa Kiafrika waliokuwa bado hai. Mamia ya wazee walijitokeza Mwanza. Wachache walikuwa na vyeti, na inasimuliwa kwamba wasio na cheti walipewa ufagio wakaamrishwa kwa Kijerumani wafanye gwaride la bunduki. Mikono ya mzee ikakumbuka, akalipwa. Lilikuwa jambo jema kwao. Mpagazi, hata kama angefika Mwanza akiwa na kovu la mzigo begani, asingekuwa na amri ya kuitikia.

Mwaka huo huo wa 1964, usiku wa kuamkia Januari 20, askari wa Tanganyika Rifles waliasi pale Colito wakidai mishahara bora na maofisa Waafrika. Siku tano baadaye makomando wa Uingereza walishushwa kwa helikopta wakaikamata kambi, na Septemba 1 likazaliwa jeshi jipya, JWTZ. Maasi yale yaliitikisa serikali changa mpaka ikaomba msaada wa mkoloni wa jana. Yanaonyesha pia tofauti kati ya aliye ndani ya orodha ya jeshi na aliye pembeni yake. Askari aliyepunjwa alikuwa na bunduki, kambi na wenzake elfu. Mpagazi aliyepunjwa alikuwa na kipande, na kipande hupotea.

Mnara, geti na bwalo

Julai 2004 vituo vya televisheni vilionyesha watu saba waliotekwa Irak: Wahindi watatu, Mmisri mmoja na Wakenya watatu. Wote walikuwa madereva wa malori walioajiriwa na kampuni ya Kuwait. Kwa Wakenya wengi hiyo ilikuwa mara ya kwanza kujua kwamba wenzao wamo kwenye vita ile. Serikali yao iliwataka raia wake waondoke Irak. Mateka waliachiwa mwanzoni mwa Septemba wakiwa hai.

Marekani ilikuwa imeingia Irak mwaka 2003 na askari wake, lakini kambi zake ziliendeshwa na watu wengine. Kupika, kufua, kuzoa taka, kuchimba vyoo, kuendesha malori ya mafuta na kulinda mageti, yote yalipewa makampuni kwa zabuni, na makampuni yakatafuta watu kwa mawakala. Wakati fulani wafanyakazi hao ndani ya Irak walizidi laki moja, karibu sawa na askari wenyewe. Wasio Wamarekani wala Wairaki waliwekwa kwenye fungu lao: raia wa nchi ya tatu. Wanepali, Wafilipino, Wahindi na Wabangladeshi walijaza majiko na madobi. Kwenye minara na mageti, kuanzia mwishoni mwa 2005, walisimama Waganda.

Uganda ilikuwa na kitu ambacho makampuni yalikihitaji: vijana wengi waliopitia jeshini au polisi, wanaojua Kiingereza, na wasio na kazi. Mawakala wa Kampala walitangaza, wakapima afya, wakawafunza bunduki kwa majuma machache, wakawasainisha mkataba. Mwanzoni mshahara ulikuwa karibu dola 1,000 kwa mwezi. Kwa mwalimu wa shule ya msingi au konstebo wa polisi hizo zilikuwa fedha za kujenga nyumba, na wapo walioacha ualimu wakaenda. Kisha mambo yakaenda kama yalivyokwenda kwa rupia za mwaka 1915. Wenye kutaka kazi walikuwa wengi, mawakala waliongezeka, zabuni zikashindaniwa kwa bei ya chini, na mshahara ukashuka hadi dola 600, na baadaye kwa mikataba mingine hata chini ya 500. Mlinzi Mmarekani kwenye vita hiyo hiyo aliweza kupata dola elfu kadhaa kwa mwezi.

Zamu ilikuwa ya saa 12, mara nyingi siku sita kwa juma. Aliyepangwa mnarani alipanda na fulana nzito ya kuzuia risasi, kofia ya chuma, bunduki na chupa za maji, akaitazama nyika moja mchana kutwa. Kiangazi joto lilikaribia nyuzi 50, chuma cha bunduki kikawa hakishikiki kwa mkono mtupu, na tufani ya vumbi ilipokuja alibaki na umbali wa hatua chache tu anaouona. Aliyepangwa getini alikuwa na hatari nyingine. Yeye ndiye aliyefungua buti la gari, akapitisha kioo chini ya injini, akampapasa dereva, akikumbuka kwamba gari la bomu, likija, litasimama kwanza mbele yake. Hatari ya tatu ilikuwa ya wote: roketi na mizinga iliyorushwa usiku kutoka mashambani. King'ora kikilia, watu walikimbilia kwenye mahandaki ya zege wakiwa na kandambili miguuni.

Mlango wa bwalo la chakula nao ulikuwa na mlinzi kutoka Uganda, aliyemkagulia kitambulisho kila askari aliyekuja kula. Rangi ya kitambulisho ndiyo iliyopima utu kambini. Ilisema nani ataingia bwalo kuu na nani atakula kwenye hema la kampuni, nani atatembea peke yake na nani lazima asindikizwe, nani atatibiwa hospitali ya kambi na nani atangojea. Kambi moja ilitofautiana na nyingine, na mtu aliyehamishwa alianza kujifunza upya anaruhusiwa nini. Ni kipande kilekile, sasa cha plastiki, bado kinaning'inia shingoni.

Baada ya zamu yalikuja maisha yenyewe. Vitanda vya ghorofa ndani ya hema au kontena, nguo zimeanikwa kwenye kamba, mtu anampigia mkewe aliyeko Masaka kabla muda wa maongezi haujamalizika. Jumapili palikuwa na ibada. Waliopitia jeshini Uganda walikuwa na Kiswahili, lugha iliyoachwa na Keya kwenye makambi ya nchi hiyo, na kwacho waliweza kuzungumza na Mkenya waliyemkuta kazini. Wengi walijinyima kila kitu wakatuma karibu mshahara wote nyumbani, na vitongoji vya Kampala vina nyumba ambazo jirani atakuambia zilijengwa na Irak.

Mambo yalipoharibika, umbali ulionekana. Marekani ina sheria tangu 1941 inayoitaka kila kampuni yenye kazi kwenye kambi zake za ng'ambo iwakatie bima wafanyakazi wote, wa taifa lolote, ili aliyeumia alipwe na wafiwa walipwe. Maandishi yake ni mazuri. Lakini aliyerudi Uganda na goti lililovunjika au sikio lisilosikia alitakiwa kuijua sheria yenyewe, kupata fomu, kumpata daktari ambaye maoni yake yatakubalika na kampuni ya bima iliyo ng'ambo ya bahari, na kusubiri. Wengine walisaidiwa na mawakili wakalipwa. Wengine hawakujua kamwe kwamba walikuwa na haki ya kudai. Septemba 2012 Rais Obama alitia saini amri ya kuwabana makandarasi wa serikali: wasiwatoze watu ada ili wapate kazi, wasizuie pasi zao, wasiwadanganye kuhusu mshahara na mahali pa kazi. Wakati huo jeshi la Marekani lilikuwa limeshaondoka Irak tangu Desemba 2011.

Vifo vya wafanyakazi hao haviingizwi kwenye orodha za wanajeshi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown, walipojaribu kuvihesabu kwa vita vyote vya Marekani baada ya Septemba 2001, walikadiria karibu 8,000. Askari wa Marekani waliokufa katika vita hivyo ni karibu 7,000. Majina ya askari hao yamechapishwa, mmoja mmoja. Ya wafanyakazi yametawanyika kwenye mafaili ya bima.

Majina

Aprili 2021 tume inayotunza makaburi ya vita, mrithi wa ile iliyomsikiliza Byatt, ilitoa ripoti kuhusu yaliyofanyika karne moja nyuma. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuwekewa kumbukumbu kwa majina yao, au hawakuwekewa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza aliomba radhi bungeni. Kazi ya kutafuta majina ikaanza kwenye nyaraka, na mwezi Januari 2025 ilizinduliwa Cape Town kumbukumbu ya wafanyakazi Waafrika 1,772 wa Afrika Kusini waliokufa katika vita hiyo wakiwa wabebaji na vibarua. Kila mmoja ana nguzo yake ya mti, na jina lake juu yake.

Dar es Salaam, miezi mitatu baada ya ripoti hiyo, usiku wa Julai 10, 2021, soko la Kariakoo liliungua. Jengo hilo la msanifu Beda Amuli, lililofunguliwa mwaka 1975 likiwa na paa la miavuli ya zege, lilikuwa limesimama palepale ilipokuwa kambi. Baadaye likakarabatiwa.

Pembeni yake, jioni, makuli wanafunga kazi. Kijana ameinamisha shingo, wenzake wawili wanamtwika robota la mitumba lenye uzito kuliko ratili 50 za jeshi, anainuka polepole, anatafuta mizani ya miguu, kisha anaingia kwenye msongamano akipiga kelele watu wampishe. Anamfuata mama mmoja mpaka kituoni. Robota linasukumwa nyuma ya kiti cha mwisho, mama anahesabu fedha na kumlipa mkononi. Anamuuliza jina, ili kesho akija amwite yeye. Kijana anamtajia, na konda anaanza kuita Kawe, Kawe, Kawe.